Saa janja inanionyesha mapigo 176 nikipiga chapuo: niamini saa au niamini mwili?

Mpiga Ngoma wa Dunda (Bagamoyo) ameuliza:

Wanajamvi, salaam. Mimi ni mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma za asili hapa Bagamoyo, nina umri wa miaka 52, na ninaleta kwenu jambo lililoninyima utulivu kwa wiki tatu sasa. Binti yangu anayefanya kazi Dar es Salaam alinizawadia saa janja baada ya kusikia kwamba tangu mwaka jana ninatumia dawa za presha. Niliipokea kwa furaha kubwa, kwa kuwa kikundi changu kina vijana kumi na wanne, na mimi ndiye ninayeongoza chapuo, ile ngoma ndogo ninayoipiga kwa mikono yote miwili, kwa karibu saa mbili kila jioni, jua likiwa bado kali na ngozi za ngoma zikiwa zimetoka kupashwa moto. Niliona kwamba sasa nitaujua mwili wangu unavyokwenda wakati wa kazi.

Nikiwa nimekaa tu, saa inasoma mapigo ya moyo 74 au 78 kwa dakika, na hilo halina shida. Lakini nikishika chapuo, hazipiti dakika mbili kabla namba haijafika 170, na juzi ilisimama kwenye 176 huku saa ikitetemeka mkononi kunionya. Ajabu ni kwamba sikuwa ninahema. Niliweza kuwakosoa vijana kwa sentensi nzima bila kukatiza mkono. Nikihamia kwenye vumi, ngoma ya sauti nzito ambayo ninaipiga kwa mkono wa kulia peke yake na ambayo kwa kweli inachosha zaidi, namba inashuka hadi 110 au 112. Saa ninaivaa mkono wa kushoto. Tena siku hiyohiyo ilinihesabia hatua zaidi ya 19,000, ilhali sikuvuka ua wa nyumba yetu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Saa hiyo ina ukurasa wa presha, na karibu kila nikiuliza unaniambia 118 kwa 76, ingawa kliniki mwezi uliopita nilipimwa nikakutwa na 152 kwa 94. Ninasema ukweli ili nisaidiwe: kwa siku mbili sikumeza dawa, kwa sababu saa iliniambia niko salama. Mke wangu amekasirika, na nadhani ana haki.

Tunajiandaa kwa tamasha la kila mwaka pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo. Ikiwa moyo wangu unafika 176 kweli, itanibidi nimwachie kijana chapuo, nami sitaki kufanya hivyo kwa kosa la mashine. Je, namba ipi ya kuaminiwa, na kuna njia ya kuihakikisha bila gharama kubwa?

Nesi wa Ngamiani (Tanga):

Shikamoo mzee wangu. Naomba nianze na dawa kabla ya ngoma. Tafadhali rudi kwenye dozi yako leo hii kama ulivyoandikiwa, usimeze vidonge viwili ili kufidia ulivyoviacha, na uwaeleze kliniki kwamba ulikatiza kwa siku mbili. Presha ikiwa ndani ya kiwango mtu akiwa kwenye dawa, mara nyingi ni kwa sababu dawa inafanya kazi, hivyo hata kama namba ya saa ingekuwa ya kweli, isingekuwa sababu ya kuacha.

Kuhusu ukurasa ule wa presha, elewa kwamba saa nyingi hazina mkanda wa kujaa upepo na kubana mkono. Zinakisia presha kutokana na umbo la wimbi la mapigo. Hata Samsung, yenye kipimo cha namna hiyo kwenye baadhi ya saa zake, inamtaka mtumiaji ailinganishe saa na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Saa inayotoa 118 kwa 76 bila kuwahi kulinganishwa na chochote haijapima presha yako. Jambo hili lina ndugu yake: mwezi Februari 2024, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, ilionya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, kwa sababu mtu anaweza kukosea dozi ya dawa kwa kuamini namba hizo. Ndicho ninachokihofia kwako.

Tafuta mashine ya presha yenye mkanda wa kufunga juu ya kiwiko. Kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano bila kuzungumza, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, miguu isipishane, na mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla yake usinywe kahawa, usivute sigara, na usipige ngoma. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba, na uandike kila namba hata ile usiyoipenda. Kipimo cha nyumbani kikibaki kwenye 135 kwa 85 au zaidi, daktari atataka kukiona.

Nina swali moja: dawa yako inaitwaje? Ninauliza kwa sababu dawa kama atenolol na propranolol hupunguza kasi ya moyo, na anayezitumia hawezi kupima ukali wa kazi kwa kufuata majedwali ya kawaida.

Mrekodi Sauti (Majengo, Bagamoyo):

Shikamoo mwalimu. Mimi kazi yangu ni kurekodi vikundi vya ngoma, na maelezo yako yamenifanya nishuku jambo moja ambalo wewe mwenyewe umelitaja bila kulisimamisha: mkono wa kushoto.

Saa ya namna hii haisikilizi moyo. Mgongoni mwake ina taa ndogo za kijani na kihisi cha mwanga. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unaposukuma, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa midogo ya kifundo cha mkono na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu kupungua huko. Mkono ukitulia, hesabu huwa nzuri. Mkono ukigonga ngozi ya ngoma, kila pigo husukuma damu hiyohiyo, hukaza mishipa na kano za kifundo, na huicheza saa juu ya ngozi iliyolowa jasho, hata mwanga ukapanda na kushuka kwa mwendo wa mkono. Watengenezaji wanajua hili, ndiyo maana wameweka pia kihisi cha mwendo ili programu iutoe mtikisiko na kubakiza moyo. Lakini mtikisiko ukiwa wa mpangilio kamili na kasi yake ikiwa ndani ya kasi ambayo moyo wa mtu unaweza kuifikia, programu hushindwa kujua kipi ni kipi na hushika ule ulio na nguvu zaidi. Ni nani duniani mwenye mkono wa mpangilio kamili kuliko mpiga chapuo? Kihisi hichohicho cha mwendo ndicho kilichozigeuza ngoma zako kuwa hatua 19,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha mwaka 2020 majaribio ya saa kadhaa kwa watu wenye rangi mbalimbali za ngozi, wakakuta kwamba makosa wakati wa shughuli yalikuwa makubwa kwa wastani wa asilimia 30 kuliko wakati wa kupumzika, ilhali rangi ya ngozi haikuleta tofauti ya kutiliwa maanani.

Usiniamini kwa maneno. Weka simu mita mbili au tatu kutoka kwenye chapuo, uiweke katika hali ya ndegeni ili isikatizwe, kisha rekodi dakika tatu. Ukiwa unaendelea kupiga, itazame saa na uitamke namba kwa sauti, ili namba na mapigo viwe ndani ya faili moja. Ukimaliza, hamishia faili kwenye kompyuta na ulifungue kwa Audacity, programu ya bure isiyohitaji kompyuta yenye nguvu. Vuta picha ya mawimbi ya sauti hadi uone kilele cha kila pigo, chagua sekunde kumi mahali ulipotamka namba, uhesabu vilele. Simu yako inaweza kuwa inajipunguzia sauti yenyewe ngoma inapokuwa kali, jambo ambalo ninalichukia ninaporekodi kwa ajili ya kusikiliza, lakini kwa kuhesabu halina madhara. Kwa kuwa mikono inapokezana, gawa idadi kwa mbili, kisha zidisha kwa sita. Hapo utapata kasi ya mkono wa kushoto kwa dakika.

Halafu, mara tu unapoacha kupiga, weka vidole viwili kwenye kifundo upande wa kidole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 15 na uzidishe kwa nne. Usichelewe, maana moyo huanza kushuka mara moja. Rudia kwa mwendo wa polepole. Ikiwa namba ya saa itakuwa ikiifuata ngoma kila unapobadilisha mwendo, utakuwa umepata jibu.

Mkimbiaji wa Raskazone (Tanga):

Ninaunga mkono. Mimi hukimbia asubuhi kando ya bahari, na saa yangu ilikuwa ikisoma 172 hata kwenye mwendo wa kuzungumza na mwenzangu, mpaka nilipohesabu hatua zangu nikakuta ni 172 kwa dakika. Kuivaa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo na kuikaza kiasi kulisaidia kidogo. Kilichomaliza tatizo ni mkanda wa kifuani, ambao hausomi mwanga bali umeme wa moyo wenyewe. Teknolojia hiyo si ngeni: kampuni ya Polar ya Finland imekuwa ikiuza mikanda ya namna hiyo tangu miaka ya 1980. Kwa akina dada wa kikundi chako ningeongeza kwamba wino wa tatuu unaweza kuuzuia mwanga wa saa, na kwa mantiki hiyohiyo mimi siivai saa juu ya piko mbichi ya harusini, bali ninaihamishia mkono mwingine.

Mpiga Ngoma wa Dunda (Bagamoyo) amerudi:

Marahaba wanangu, na asanteni mno. Dawa nilirudi kuimeza usiku uleule niliposoma jibu la nesi. Ni amlodipine. Mashine ya mkanda nimeinunua, na asubuhi ya kwanza ilisoma 148 kwa 92, kisha 151 kwa 93. Kumbe ile 118 ilikuwa ikinibembeleza tu.

Jaribio tulilifanya Jumamosi uani, vijana wakishuhudia. Mpwa wangu ndiye aliyeketi kwenye kompyuta mpakato. Mahali nilipotamka "mia na sabini na sita" tulihesabu vilele 59 katika sekunde kumi, yaani mkono mmoja ulikuwa ukipiga mara 177 kwa dakika. Vidole vyangu vilihesabu mapigo 31 kwa sekunde 15, ambayo ni 124. Nikapunguza mwendo hadi vilele 50, sawa na 150 kwa kila mkono. Saa ikakaa kidogo, kisha ikashuka hadi 149, na vidole vikasema 120. Nikawa ninaitazama ikiifuata ngoma kama mwanafunzi mtiifu. Mwisho nilimvisha kijana wa miaka 19 na kumwambia apige mwendo ule wa kwanza, ikamsomea 175, kana kwamba moyo wa kijana ni sawa na wa mzee. Kwenye vumi, ambako mkono wa kushoto unalala tu juu ya ngozi kuituliza sauti, saa ilisema 112 na vidole vikasema 112.

Kwa hiyo tangu Jumamosi ninaivua saa ninapoingia kwenye chapuo na ninahesabu kwa vidole kila tunapopumzika. Kwenye vumi ninaivaa. Nisichokijua bado ni iwapo hiyo 124 ni salama kwangu.

Nesi wa Ngamiani (Tanga):

Nimefurahi kusikia umerudi kwenye dawa. Amlodipine si ya kundi lile la kupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo makadirio ya kawaida yanaweza kukuongoza: 220 toa umri wako ni 168, ingawa huo ni wastani, na watu wengi hutofautiana nao kwa mapigo kumi au zaidi juu au chini. Hata tukikubali kwamba moyo ulikuwa umeshashuka kidogo ulipokuwa unahesabu, 124 ni kama robo tatu ya kiwango hicho, na uwezo wako wa kuzungumza sentensi nzima huku unapiga unaonyesha kazi ya kiasi. Kinachonishughulisha zaidi ni 148 na 151. Maliza siku zako saba ukiwa kwenye dawa, kisha nenda kliniki na daftari pamoja na mashine yenyewe, uwaombe waipime kando ya ya kwao, na uwaulize waziwazi kuhusu saa mbili za chapuo juani kabla ya tamasha. Na ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, weka ngoma chini hapohapo bila kusubiri namba yoyote.

Mpiga Ngoma wa Dunda (Bagamoyo):

Nimeelewa. Kliniki ni Jumanne, na mashine nimeshaiweka kwenye mkoba pamoja na daftari. Mke wangu ameomba aje naye, ili ahakikishe ninasema na zile siku mbili.