Naomba ushauri: kusafisha chembechembe kwenye picha kunachelewesha kazi

Ndugu wapigapicha, naomba ushauri wenu. Ninapiga picha za sendofu na harusi, na kwa kuwa taa za kumbi za usiku huzimwa na kuwashwa kwa matakwa ya MC, hulazimika kupandisha ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 6400, wakati mwingine 12800, ili kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde na bibi harusi asitoke na ukungu anapocheza. Matokeo yake ni chembechembe, yaani vidoadoa vinavyochafua picha, hasa kwenye suti nyeusi, ambako hugeuka madoa ya kijani na zambarau.

Programu ninayotumia ina njia ya akili mnemba inayozisafisha vizuri mno, lakini kompyuta mpakato yangu haina kadi ya michoro inayojitegemea, kwa hiyo picha moja hula dakika kadhaa na kuzalisha faili jipya la picha la aina ya DNG, kubwa kuliko lile la RAW, yaani faili ghafi la kamera. Nikianza na usafishaji, marekebisho yote yanayofuata huburuta. Nikiuacha mwisho, kompyuta hukesha na mteja anapiga simu. Kitelezi cha zamani cha kupunguza chembechembe ni cha haraka, ila huifanya ngozi ionekane kama nta, na mama wa bibi harusi hulitambua hilo mara moja.

Je, wenzangu mnasafisha picha zote, au zile tu zinazoingia kwenye albamu? Na kwa bajeti ndogo, ninunue kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro, au niiache lenzi yangu ya f/2.8 na kutafuta ya f/1.4, inayoingiza mwanga zaidi?