Mjadala: Dawa mbili kwa miguu inayowaka moto, tujaribu wenyewe Dar au tuendelee kubahatisha?

Wakuu, wenye kisukari na wanaowauguza wanalijua hili: miguu inawaka moto usiku, shuka likigusa vidole mtu anaruka. Mishipa ya fahamu imeharibika, na panadoli haifui dafu. Hapa Dar mgonjwa huanzishiwa amitriptilini. Ikishindwa huongezewa pregabalini au gabapentini, na akipita duka la dawa anauziwa vitamini B juu yake. Anameza mchanganyiko huo miezi na miezi, na mara nyingi hakuna anayeandika kama umemsaidia au umemlevya tu.

Kwangu mimi hayo tayari ni majaribio, ila hayana ridhaa wala kumbukumbu. Nataka yafanywe kwa utaratibu, hapa hapa, kwa fedha ya umma.

Atatokea wa kusema Wazungu wameshamaliza kulitafiti hili. Hawajamaliza. Mwaka 2022 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa OPTION-DM, ulioongozwa na Profesa Solomon Tesfaye wa Sheffield. Wagonjwa wa kisukari 130 katika vituo 13 vya Uingereza walianza kupitishwa njia tatu, moja baada ya nyingine: amitriptilini kisha pregabalini, pregabalini kisha amitriptilini, na duloksetini (dawa nyingine ya maumivu haya) kisha pregabalini. Kila njia ilichukua wiki 16, na dawa ya pili iliongezwa pale tu ya kwanza ilipokuwa haijatosha baada ya wiki 6. Wastani wa maumivu ulishuka kutoka 6.6 kati ya 10 hadi 3.3, njia zote tatu sawasawa. Kwetu hilo ni kubwa: kwa nini tumwanzishie mtu dawa ghali wakati amitriptilini ya siku zote ipo?

Lakini tazameni kilichokosekana. Hakukuwa na kundi lililopangiwa kubaki na dawa moja hadi mwisho hata ikiwa haitoshi, lilinganishwe na waliochanganyiwa. Maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe, na mgonjwa hupata nafuu hata kwa kufuatiliwa tu. Utafiti mwingine, COMBO-DN wa 2013, ulilinganisha kuchanganya duloksetini na pregabalini dhidi ya kupandisha dozi ya dawa moja, na kwenye kipimo chake kikuu cha maumivu mchanganyiko haukushinda. Kabla ya hapo, 2005, Ian Gilron na wenzake wa Kanada walikuta mofini na gabapentini pamoja zinatuliza zaidi ya kila moja peke yake. Wataalamu bado wanavutana, na huku mgonjwa wa Buguruni analipia kidonge cha pili kutoka mfukoni mwake.

Mchangiaji wa Mbagala: Kaka, tumechoka kuwa panya wa maabara. Watachukua damu, wakimaliza dawa inakatika. Halafu amitriptilini inalaza. Mdogo wangu anaendesha bodaboda, akipata ajali nani atamlipa?

Mleta mada: Dada, hofu yako ni halali, na iandikwe kwenye masharti. Jaribio la dawa haliruhusiwi kuanza bila kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na hapo ndipo pa kubana. Washiriki wakatiwe bima. Madereva waonywe mapema, na wasioweza kuacha kuendesha wasiingizwe. Wazee wenye tatizo la tezi dume wachunguzwe, maana amitriptilini huweza kuzuia mkojo. Figo zipimwe, kwa kuwa pregabalini hutoka mwilini kupitia figo na kisukari huziharibu hizo hizo. Dawa ikithibitika, iendelee kutolewa. Azimio la Helsinki, kanuni za kimataifa za maadili ya utafiti kwa binadamu, linataka hilo lipangwe kabla ya jaribio kuanza. Mdogo wako akiandikiwa dawa hizo leo, hapati kinga hata moja kati ya hizi kwa uhakika.

Mfamasia, Temeke: Dawa zenyewe hataza zimeisha, yaani hakuna tena kampuni yenye haki ya kuzitengeneza peke yake. Kampuni gani itagharamia?

Mleta mada: Hakuna, mkuu. OPTION-DM ililipiwa na serikali ya Uingereza kupitia NIHR, taasisi yao ya utafiti wa afya. Sisi tunayo COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, chuo kikuu cha afya cha MUHAS kina watafiti, na wagonjwa wamejaa kliniki za kisukari. Mifuko ya bima nayo ichangie, kwa kuwa ndiyo itakayojua kidonge kipi kinastahili kulipiwa. Wala haihitaji maelfu ya watu: kila mshiriki apitie dawa moja, kisha mchanganyiko, zamu ipangwe kwa kura, yeye na daktari wake wasijue ni ipi mpaka mwisho.

Anayepinga aje na hoja, nitamsikiliza. Ila aseme na hili: mgonjwa ambaye dawa ya kwanza imemshinda, kesho akifika kliniki tumwongezee ya pili kwa ushahidi gani?