Sanduku la Mtembezi
(Kikundi: Ukoo wa Bibi, Pangani)

JUMANNE

Dada Mkubwa 05:48
Assalaam aleykum ukoo mzima. Hitma ya mwaka ya mdogo wetu ni Jumamosi hii baada ya Adhuhuri, nyumbani kwa Mama. Sheikh nimeshamwambia. Mchele tunataka kilo 40, nimepata 25. Waliotuma mchango ni wanne tu.

Dada Mkubwa 05:50
Na suala la sanduku lake la nguo lazima liishe kabla ya Jumamosi. Na ile kanga ya mwisho aliyoichora, kiwandani wanataka jibu Alhamisi: wachape au waache.

Dada Mkubwa 09:15
Naona mmesoma watu kumi na saba. Jamani hata "amin" hamna?

Mjomba Mombasa 09:31
Waaleykum salaam. Mie naja inshaallah. Nauliza tu, pilau apika nani? Ile ya arobaini ilikuwa na mawe.

Binamu Toronto 09:33
Hahaha mjomba yale hayakuwa mawe, ilikuwa iliki

Mjomba Mombasa 09:34
Iliki haivunji jino.

Binamu Nesi 09:40
Samahanini. Mimi naomba kitu kimoja Jumamosi. Wanawake wakishamaliza kusoma, nipewe dakika kumi niseme nao habari za matiti. Watoto wetu wa kike wengi sasa wana miaka ishirini, thelathini. Marehemu alipoona uvimbe alikuwa na 34 na hakuna aliyemdhania saratani. Uvimbe wa namna ile mara nyingi hauumi, ndiyo maana tunaudharau. Kwa umri huo ultrasaundi huonyesha vizuri kuliko eksirei ya matiti, na ukitiliwa shaka kinakatwa kipande kidogo kinapimwa. Nataka nilisemee nyumbani kwake, wanisikie.

Mjomba Mombasa 09:52
Basi jino langu nalo lipimwe

Binamu Toronto 09:53
😂😂

Binamu Nesi 09:58
Mjomba nakuomba. Hili silisemei mzaha.

Dada Mkubwa 10:20
Mchele jamani. Kilo 15.

Shangazi Muscat 13:07
Nimetuma rial 20 kwa mkono wa kijana anayekuja Ijumaa. Allah amrehemu. Alipokuja kwangu 2014 nilimtafutia chumba chenye kiyoyozi, akashinda soko la Mutrah na mabibi waliozaliwa Unguja, anawauliza kila kanga waliyoondoka nayo ina jina gani. Bibi mmoja alikuwa na kipande kimoja tu, doti haikutimia, mwenzake alibaki kwa dada yake. Marehemu akakichora chote, pindo na mji na jina, mpaka tundu la moto wa pasi akalichora. Yule bibi alilia.

Kitinda Mimba 13:30
Mchoro huo upo. Umo sandukuni.

Dada Mkubwa 13:32
Ndiyo, sanduku. Mimi nasema hivi: nguo za marehemu hugawiwa, ndiyo mila yetu, na thawabu zinamfikia yeye. Mwaka umetimia. Wanawake wa nyumba wachukue moja moja, nyingine wapewe wasio nacho.

Kitinda Mimba 13:41
Dada, zile siyo nguo alizokuwa akivaa. Ni safari zake. Kuna shiromani, kanga ya Nzwani kule Komoro, aliyopewa na mwanamke aliyemlaza kwake wiki mbili. Kuna lambahoany ya Mahajanga, Wamalagasi nao huandika methali chini kama sisi, akafurahi kama kakuta ndugu. Kuna capulana za Maputo, nyingi hazina jina, akawa anawauliza wanawake, "Sasa nyie mkimkasirikia mtu mnavaa nini?" Kuna batiki aliyoitia nta mwenyewe Yogyakarta, ile iliyomuunguza dole gumba. Ukizigawa nani atajua hii ilitoka wapi? Itafungiwa mtoto mgongoni, mwakani ni tambara.

Shangazi Muscat 13:50
Kanga kufungiwa mtoto si aibu.

Kitinda Mimba 13:51
Si aibu, shangazi. Lakini sizigawi.

Dada Mkubwa 13:55
Ufunguo kuwa kwako haina maana sanduku ni lako.

(Ujumbe huu ulifutwa)

Kaka Mkubwa 18:22
Salaam. Nimeona ujumbe. Kazi zimebana huku Dar, sitaweza kufika. Nitatuma hela ya mbuzi.

Kitinda Mimba 18:40
Kaka. Mwaka 2012 kwenye harusi yangu, mbele ya wakwe zangu, ulimwambia marehemu "mtembezi hula miguu yake". Ukamwambia hapati mume kwa kutangatanga. Nilikuwa nimekaa ndani na hina mbichi mkononi, nilisikia kila neno.

Mjomba Mombasa 18:44
Haya yafaa yaachwe

Kitinda Mimba 18:46
Yeye hakukujibu kwa mdomo.

Wifi 19:02
Alijibu kupitia kwangu. Idi iliyofuata akaniletea doti, pindo jekundu, mji umejaa nyayo. Jina: NIMEKULA MIGUU MACHO YAMESHIBA. Ninayo. Ipo kabatini chini ya mashuka.

Binamu Toronto 19:03
Ewaaaa

Kaka Mkubwa 19:30
Mimi ndiye niliyelipa nusu ya matibabu. Hilo halisemwi.

Kitinda Mimba 19:33
Linasemwa. Na nusu nyingine alilipa mwenyewe kwa kuuza cherehani zake mbili. Hilo nalo liseme.

Dada Mkubwa 19:35
Basi! Tunataka hitma, hatutaki kesi.

Kitinda Mimba 19:49
Na wewe dada usinikatize. Wewe ndiye uliyepigiwa simu kwanza. Alikuwa Maputo.

JUMATANO

Dada Mkubwa 04:55
Sikulala. Ni kweli. Alinipigia Machi 2019, akaniambia, dada kuna kitu kigumu chini ya kwapa, hakiumi. Nikamwambia akikande na maji ya moto, ni mambo ya hedhi, kitaondoka chenyewe. Alinisikiliza kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Aliporudi Oktoba ngozi ya titi ilishakuwa kama ganda la chungwa. Binamu Nesi, dakika kumi ni chache. Chukua nusu saa. Nitakaa mbele.

Binamu Nesi 06:10
Dada yangu. Wengi wangesema ulivyosema. Kwetu wengi hufika hospitali wakati ugonjwa umeshapanda, na si kwa uzembe wao.

Shangazi Muscat 06:32
Usijitese mwanangu.

Dada Mkubwa 06:40
Siku za mionzi pale hospitali ya Ocean Road nilikuwa nampeleka. Tukitoka alitaka tukae tutazame bahari kwanza. Anahesabu majahazi. Kichwa hakina unywele, kajifunga kilemba cha kisutu, anachora. Mtu anamwuliza unaumwa nini, yeye anamwuliza kanga yako umeinunua wapi.

Kitinda Mimba 07:05
(picha)
Ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Pindo la korosho, mji ni ngalawa tisa, kila moja na tanga tofauti. Tizameni chini penye jina. Kaandika kwa penseli akafuta, kaandika akafuta, mpaka karatasi imetoboka. Nimeinua kwenye mwanga wa dirisha, hakisomeki kitu.

Binamu Toronto 07:20
Dah

Dada Mkubwa 07:24
Ndiyo hiyo kiwandani wanayoisubiri. Mimi niliwaambia tuweke WEMA HAUOZI.

Kitinda Mimba 07:26
Hilo limevaliwa na dunia nzima. Hakuwahi kuvaa jina la kuazima, leo tumvalishe sisi?

Mjomba Mombasa 07:31
Tuandike PILAU BILA MAWE

Mjomba Mombasa 07:45
Niwieni radhi. Nikikaa kimya nalia, ndiyo maana nasema sema. Nilimfunza kuogelea mie, pale mdomo wa mto. Alikuwa na miaka sita, alitaka kuvuka ng'ambo ya Bweni siku hiyo hiyo.

Mjukuu 16:12
(sauti, dakika 2:10)
Bibi kasema niiwashe niitume.

Shangazi Muscat 16:20
Niko msibani kwa watu, siwezi kusikiliza. Andika mwanangu.

Mjukuu 16:38
Bibi anasema hivi, naandika kama alivyosema:

"Nimesomewa maneno yenu yote. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi nimemzika, na ilikuwa anizike yeye. Sanduku lije Jumamosi. Lifunguliwe, kila mwanamke wa nyumba hii ajifunge moja, asome hitma akiwa nayo mwilini. Magharibi zirudi sandukuni, zihesabiwe mbele yangu. Hakuna kugawa, hakuna kuuza. Nikifa mtajua wenyewe.

Kanga ya mwisho, penye jina paachwe peupe. Kapafuta mwenyewe, msimwandikie.

Na mwanangu wa kiume. Mbuzi nimekula wengi. Ulimwambia mwenzio anakula miguu yake. Nataka miguu yako, ije isimame kaburini kwake. Usiponiletea miguu, mbuzi wako abaki huko huko."

Halafu kanyamaza. Kuna sauti ya redio tu mpaka mwisho.

Wifi 16:50
Allahu Akbar.

Binamu Nesi 17:15
Tumesikia Bibi.

Dada Mkubwa 17:40
Tumesikia Mama. Lakini kiwandani niwaambie nini? Kanga isiyo na jina wataniuliza kama nimesahau. Na wanachapa kwa wingi, hela ya doti zote hizo hatujaipata. Binamu Toronto, ulisema utaongea na wenzako huko.

Shangazi Muscat 20:03
Mimi nichukulieni doti tano.

ALHAMISI

Dada Mkubwa 06:02
Kiwandani nimeomba wanisubiri mpaka Jumatatu. Hawakukubali, hawakukataa. Mchele bado kilo 9. Waliobaki na mchango msinijibu huku, tumeni.

Mjomba Mombasa 08:10
Mchele kilo 9 waleta mie. Nitauchambua kwa mkono wangu.

Kaka Mkubwa 21:47
Siku hizi basi la kwanza linatoka Dar saa ngapi?

Dada Mkubwa 21:48
Lipo la saa kumi na mbili alfajiri. Panda hilo, ukifika Tanga vuka na daladala za Pangani.

Dada Mkubwa 21:49
Kitinda Mimba, ufunguo?

Dada Mkubwa 22:30
Naona umesoma.