Majengo ya kale na msosi wa bei poa: Lindi mjini, Mtwara mjini au Mikindani?

Kipanga wa Songea
Habari za jioni wakuu. Ijumaa alfajiri natoka Songea kwa basi la kupitia Masasi, Jumatatu saa nne nina kikao Mtwara. Jumamosi na Jumapili ni zangu. Ugonjwa wangu ni kutembea mjini kwa miguu nikiangalia majengo ya zamani: milango ya nakshi, maboma ya Mjerumani, magofu, makanisa, misikiti. Ufukwe sitafuti, kuogelea kwenyewe sijui. Msosi nataka ule wanaokula wenyeji, sahani ikizidi elfu tano naanza kukuna kichwa. Wengine wananiambia Lindi, wengine Mikindani, Mtwara yenyewe hakuna anayeitaja. Niweke nguvu wapi?

Mtanda Juu
Karibu kusini mkuu. Mimi mzaliwa wa Lindi, kwa hiyo ujue mapema naegemea wapi. Lindi ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini wakati Mtwara bado haijawa mji wa maana. Teremka hadi mitaa ya chini karibu na maji: kuna mabaki ya boma la Mjerumani, kuna mnara wa mawe wa enzi za Waarabu, kuna maduka ya Wahindi yenye varanda, na hapa na pale mlango wa nakshi ambao bado haujauzwa. Mengi yamechoka, sikufichi. Itabidi utafute, lakini unatafuta kwa miguu na hupotei.

Ukifika bandarini kwenye majahazi, kumbuka yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria aliyechimbwa Tendaguru huku kwetu, alisafirishwa kupitia Lindi. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu siku kadhaa porini mpaka pwani, ikapakiwa melini. Leo amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Sisi tumebakiziwa stori.

Kula hakuna shida. Asubuhi supu ya pweza au chai na vitumbua, mchana wali wa nazi na samaki kwa mama ntilie. Ukishiba vuka na boti kwenda Kitunda, uutazame mji kutokea ng'ambo.

Mama Korosho
Mtanda, usimpoteze mgeni wa watu. Zaidi ya kilomita mia kwenda na mia kurudi kwa ajili ya gofu moja na mnara?

Mwanangu Kipanga, Mtwara haitajwi kwa sababu watu wanatafuta ukale kwenye mji uliopangwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwingereza alileta mradi wa karanga mwaka 1947, akaanza bandari, akajenga reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukafa, na reli nayo ikang'olewa miaka ya sitini. Ndiyo maana barabara zetu ni pana na nafasi kati ya majengo ni kubwa kupita kiasi, mji ulichorewa watu ambao hawakuja. Nao huo ni ujenzi wa kuangaliwa, ila hauangaliwi kwa kutafuta milango.

Kisha nenda mtaa wa Majengo, kanisa la Mtakatifu Paulo. Kwa nje utasema kanisa la kawaida tu. Ingia ndani: ukuta wa mbele na wa pembeni umejaa picha za Biblia toka chini hadi juu, rangi kali, watu wamesongamana. Alizichora padri Mjerumani, Polycarp Uehlein, na kazi ilichukua kama miaka miwili. Mimi ni Mwislamu na nimeingia kuziona. Subiri misa iishe, umsalimie mtunza kanisa, hakuna atakayekufukuza.

Chakula sasa. Hapo Lindi haitufikii. Zunguka soko kuu mchana, utapata ugali wa muhogo na samaki wa mchuzi wa nazi, kisamvu cha nazi, wali maharage kwa asiye na hela. Ukikuta ming'oko ya kuchemsha, nunua fungu ule unatembea. Ni viazi vya porini, vinachimbwa, huko Songea sidhani kama mnavyo. Elfu tano yako itabaki na chenji.

Fundi Chokaa
Mnazunguka mbuyu. Aliyeuliza kataka majengo, na majengo yako Mikindani, kilomita kama 10 kabla ya kuingia Mtwara.

Kubwa ni Boma la 1895. Lilikuwa karibu kuanguka, shirika la Trade Aid la Uingereza likalikarabati mwishoni mwa miaka ya 1990 likawa hoteli. Chini yake kuna jengo linaloitwa soko la watumwa, na hapo ukarabati uliharibu: matao yaliyokuwa wazi yalizibwa, jengo likapoteza sura. Kuna pia nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyepitia hapo mwaka 1866 akianza safari ambayo hakurudi akiwa hai. Watalii wanapiga picha kibao wanaondoka. Wewe usiondoke. Ingia vichochoroni kwenye nyumba ambazo hazina kibao.

Mimi kazi yangu ni kuta hizo, kwa hiyo nivumilieni. Nyumba ya zamani ya pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa ya kuchoma, dari imebebwa na boriti za mikoko. Utashangaa kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba. Ni boriti: mkoko unaobeba uzito hauvuki zaidi ya mita tatu hivi, basi upana wa chumba unaishia hapo hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Halafu tazama mguu wa ukuta. Uliopakwa chokaa una mabaka, lakini umeshika. Uliopigwa plasta ya saruji umevimba na kubanduka kama andazi lililoungua. Unyevu na chumvi hupanda kutoka ardhini. Chokaa huviachia vitoke, saruji huvifungia ndani. Nimeshawahi kubandua plasta ya namna hiyo nikakuta jiwe linachimbika kwa kidole. Mwenye nyumba alikuwa ametumia hela nyingi kuliharibu jengo lake mwenyewe, na fundi aliyempigia alikuwa na nia njema kabisa.

Msosi wa Mikindani ni wa mchana. Usiku utahangaika.

Mtanda Juu
Fundi, Mikindani inaisha kabla ya adhuhuri. Na boma lililotengenezwa likawa hoteli linakuonyesha rangi nyeupe tu. La kwetu limebomoka, unaona tumbo la ukuta.

Fundi Chokaa
Hapo umenishika. Kwa anayetaka kujua nyumba imejengwaje, gofu linasema zaidi ya jengo lililopakwa. Ila asipande juu ya kuta, mawe yamelegea.

Binti Mikindani
Salamu kwa wote. Mnaongea kama kwetu hakuna watu. Kipanga, kaka yangu, zile baraza za mbele ya nyumba ndizo sebule zetu. Mtu kakaa anasuka ukili, mwingine kalala. Toa salamu kwanza, piga hodi, ndipo uombe picha ya mlango. Ukisalimia vizuri utaonyeshwa hata ua wa ndani. Vaa suruali ndefu. Kama ni mwezi wa Ramadhani, mchana hupati kitu, jipange na futari.

Na anayesema usiku tutakulaza njaa hajui utaratibu. Vitumbua na maandazi ya nazi vinauzwa asubuhi na mapema, ukija saa tatu umekuta sufuria tupu. Cha jioni unamwagiza mama asubuhi: samaki gani, wali au ugali, unamwachia hela ya kutanguliza. Atakuwekea.

Dogo wa Chuno
Mwambieni na habari ya gesti. Akija Oktoba hadi Desemba, korosho ziko mnadani, hela ipo mtaani na vyumba vinapanda bei. Halafu bandarini na kwenye ofisi za serikali asitoe simu kupiga picha, atatumia Jumamosi yake kujieleza.

Konda Mstaafu
Nimesoma yote, nashangaa hakuna aliyetazama njia. Huyu anatokea Masasi. Basi lake linapita Ndanda, Nyangao, Mtama, linatokea Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi na Mtwara, na kutoka Mnazi Mmoja kwenda Lindi ni kama nusu saa. Kwa nini aende Mtwara kwanza kisha arudi nyuma kilomita mia?

Shuka Mnazi Mmoja Ijumaa jioni, panda gari la Lindi, lala huko. Jumamosi asubuhi tembea mitaa ya chini, kula samaki mchana. Alasiri panda gari la Mtwara, lala Mtwara. Jumapili misa ikiisha ingia kanisa la Majengo, halafu daladala ya Mikindani. Jumatatu kikaoni umeoga.

Mama Korosho
Konda kaongea. Na pale Nyangao kanisani kuna picha za padri huyohuyo, ila basi halitakusubiri.

Kipanga wa Songea
Nimekubali ya Konda, tena nageuza kidogo: Jumamosi alasiri nikitoka Lindi si napita Mikindani kabla ya Mtwara? Nishuke nilale hapohapo, nione mji asubuhi na vitumbua, kanisa niliwahi mchana. Dada Binti, chakula cha usiku nitakiagizaje nikiwa bado Lindi?

Binti Mikindani
Fika kabla ya magharibi, ukishuka tu muulize mama yeyote anayekaanga pweza barabarani. Pweza hana haja ya kuagizwa. Wali ndio utamsubiri.

Mtanda Juu
Mradi usiku wa kwanza ni wa Lindi, mimi sina neno. Ukifika stendi uliza supu ya pweza ya asubuhi iko upande gani, inakwisha saa mbili.