Tupeane uzoefu: Ulikutana wapi na Charybdis, adui aliyemkosesha Aquaman mkono?

Wakuu, kila tukimtaja Aquaman, shujaa wa baharini wa katuni za DC, watu wanakimbilia adui yake Black Manta. Mimi namleta Charybdis wa mwaka 1994, enzi za mwandishi Peter David. Gaidi huyu alifanya kazi na mkewe, Scylla. Mke akafa, naye akabaki na kisasi. Alikuwa na uwezo wa kuzima nguvu za watu wengine na kuzinyonya. Alipoutaka ule wa Aquaman wa kuzungumza na samaki, alimtumbukiza mkono wa kushoto kwenye bwawa la piranha, samaki wenye meno makali. Nilifunga kitabu. Toleo lililofuata nikatazamia mkono umerudi. Haukurudi, na baadaye Arthur (ndiye Aquaman) akafunga chusa mahali pake. Nyie je?

Mjumbe, Dodoma: Mimi nilitangulia kumjua Charybdis wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, maktaba ya shule. Yule ni zimwi jike, anaimeza bahari mara tatu kwa siku na kuitapika. Upande wa pili yuko Scylla wa vichwa sita, aliyenyakua mabaharia sita wa Odysseus, shujaa wa shairi hilo. Kukuta kwenye katuni wamekuwa mume na mke kuliniudhi kweli. Siku hizi nawaelewa: mmezaji wa bahari amekuwa mmezaji wa nguvu za watu, tabia ni ileile.

Mjumbe, Mombasa: Mimi ni baharia. Tumepita Mlango wa Messina, kati ya Sicily na Calabria, tukienda bandari ya Gioia Tauro, Italia. Ndipo wanaposema alikaa Charybdis wa Homer. Mkondo pale hugeuka, na unayaona maji yakijizungusha. Meli ya makontena haijali, ila nilimfikiria mtu wa makasia nikasema Wagiriki wale hawakutunga bure.

Mjumbe, Morogoro: Baba yangu alikatwa vidole na mashine kazini. Nilimpa Aquaman mwenye chusa, akafunua taratibu kurasa zote, kisha akauliza, "Na huyu anaogeleaje?" Tukazungumza mpaka usiku, na kuhusu mkono wake hatukuwa tumewahi kuzungumza.

Mwanzisha uzi: Mkuu wa Morogoro, asante sana, mpe mzee shikamoo yangu. Mwambie na Charybdis mwenyewe aliangukia bwawa lilelile, akarudi baadaye ameungana na piranha, anaitwa Piranha Man. Mwenye toleo hilo aseme, nitalifuata popote ili mzee alisome.