Kuifuatilia familia ya waokaji mikate wa Rochdale

Swali, kutoka Leeds

Ndugu wanajumuiya, habari zenu. Wapo watoto hapa ambao mama yao ni wa Tanga na baba yao ni Mwingereza wa Rochdale. Nasaba ya upande wa mama inajulikana vizuri. Ya upande wa baba kinachojulikana ni kwamba ukoo ni Butterworth, na kwamba walikuwa na duka la mikate karibu na viwanda vya pamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukitafuta mtandaoni wanakuja Butterworth wasiohesabika. Mwenye kuijua njia naomba atuelekeze, hasa ile isiyokula pesa nyingi.

Jibu, kutoka Rochdale

Dada, Butterworth kwa Rochdale ni kama Said kwa Unguja. Jina limeota hapa hapa, pamoja na Schofield, Kershaw na Ashworth, na katika sensa moja utawakuta akina John Butterworth kadhaa wa umri mmoja. Ukilifuata jina peke yake utajenga ukoo mzuri wa watu wengine kabisa. Shika kazi na jengo. Mfanyakazi wa kiwandani alihama nyumba kila hali ilipobadilika, lakini mwokaji alifungwa na tanuri lake la matofali, ambalo halibebeki. Akifa, mjane anaendelea nalo, au binti na mumewe. Jina la juu ya mlango linabadilika, tanuri liko pale pale.

Anza karibu, urudi nyuma. Rejista ya tarehe 29 Septemba 1939, orodha ya wakazi iliyoandikwa vita vilipoanza, ndiyo daraja lako, kwa sababu sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942 na ya 1941 haikufanyika. Inatoa tarehe kamili ya kuzaliwa na kazi ya kila mtu. Tena iliendelea kutumiwa na huduma ya afya hadi 1991, kwa hiyo msichana alipoolewa jina jipya liliandikwa juu ya lile la kwanza. Binti wa mwokaji unamkuta na majina yote mawili kwenye mstari mmoja. Mistari iliyofunikwa kwa weusi ni ya watu wanaohesabiwa kuwa bado hai. Hufunguliwa ikitimia miaka 100 tangu kuzaliwa, au mapema zaidi ukithibitisha kifo.

Kutoka hapo ingia sensa ya 19 Juni 1921. Hii ni dhahabu kwa mtafuta mwokaji, maana ina safu ya jina la mwajiri na mahali pa kazi. Kumbukeni Rochdale ni mji wa ushirika. Duka la Pioneers, waanzilishi wa ushirika huo, lilifunguliwa Toad Lane tarehe 21 Desemba 1844, na unga wa ngano ulikuwa miongoni mwa bidhaa zake za kwanza kabisa. Baadaye vyama vya ushirika vikaoka mikate vyenyewe. Basi mtu aliyeandikwa mwokaji anaweza kuwa mwajiriwa wa ushirika ambaye hakuwahi kumiliki tanuri hata siku moja. Safu ya mwajiri ndiyo inayokata shauri. Sensa za 1891 hadi 1911 zinasema kama mtu ni mwajiri, mwajiriwa au anajitegemea. Za 1851 hadi 1881 mwenye kuajiri alitakiwa ataje idadi ya watu wake. Ile ya 1911 ilijazwa na mkuu wa kaya kwa mkono wake, na inataja miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai na waliofariki. Ukiona watoto 7 na wewe umewapata 5, bado una vyeti viwili vya kutafuta.

Kosa linalowapoteza wengi: namba ya kwanza upande wa kushoto wa ukurasa wa sensa za 1851 hadi 1901 ni namba ya fomu ya kaya, si namba ya nyumba. Namba ya nyumba, kama ipo, inakaa pamoja na jina la mtaa.

Kuhusu vyeti, uandikishaji wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837. Jiandikishe kwenye tovuti ya GRO, ofisi kuu ya uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo, kutafuta ni bure. Faharasa yao inatoa jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu 1837, wakati ile ya zamani, ambayo watu wa tovuti ya bure ya FreeBMD wameinakili, inalitoa kuanzia robo ya tatu ya 1911 tu. Hapo ndipo Butterworth wanapochambulika: andika Butterworth, weka ukoo wa mama, wilaya Rochdale, na watoto wa nyumba moja watajipanga wenyewe. Mzazi alikuwa na siku 42 za kuandikisha, kwa hiyo mtoto wa Desemba huonekana mara nyingi kwenye robo ya Machi (Januari hadi Machi) ya mwaka unaofuata. Kabla ya 1875 hakukuwa na adhabu kali ya kutoandikisha, na wapo walioachwa. Angalia na mipaka pia: Middleton ilikuwa wilaya ya uandikishaji ya Oldham, na Todmorden ilikuwa na wilaya yake. Mambo yote ya Rochdale ya kabla ya 1974 yatafute chini ya Lancashire, si Greater Manchester, mkoa ulioundwa mwaka huo.

Kwa vizazi vya zamani usinunue cheti cha karatasi kama unachotaka ni habari tu. GRO wanauza picha ya maandishi ya rejista kwa bei nafuu zaidi. Cheti cha ndoa ndicho kinachostahili pesa, kwa sababu kinataja kazi ya baba wa bwana harusi na ya baba wa bibi harusi. Waokaji na wauza unga walioleana sana. Namba unayoipata kwenye LancashireBMD, tovuti ya faharasa za ofisi za Lancashire, ni ya kuagizia ofisi ya uandikishaji ya hapa mjini. Ukiipeleka GRO haitafanya kazi.

Nyongeza, kutoka Bolton

Kaka ameeleza vizuri, na mimi nakubaliana naye kwamba jengo ndilo la kushika. Ila namba za nyumba nazo zilibadilishwa, hasa mitaa ilipoendelea kujengwa. Usikate tamaa ukikuta namba 14 imekuwa 32. Tazama majirani kwenye sensa: kanisa, baa ya kona, mwanzo wa uchochoro. Kama mwokaji yuko milango mitatu kutoka baa ile ile katika sensa mbili, hajahama.

Kwa miaka ya katikati kati ya sensa, tumia vitabu vya orodha za wafanyabiashara, kama vya Slater na Kelly. Chuo Kikuu cha Leicester kimeweka vingi mtandaoni bure. Tafuta kwanza kwenye kundi la waokaji na wauza unga, kisha wauza keki, kisha wenye maduka ya kawaida, maana mtu mmoja alihama kundi kadiri biashara ilivyokwenda. Habari za kitabu kwa kawaida zilikusanywa mwaka mmoja kabla. Ramani kubwa za miji za karne ya 19 ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, na zinaonyesha hadi ua wa nyuma ya nyumba, ambako tanuri mara nyingi lilikuwa.

Kisha fuateni sheria, maana waokaji walichungwa sana. Sheria ya 1836 iliwataka wauze mkate kwa uzito na gari la kusambaza libebe mizani. Aliyepunja alipelekwa mahakamani na gazeti likaandika. Sheria ya 1863 iliwakataza walio chini ya miaka 18 kufanya kazi ya kuoka kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, na ikataka kuta zipakwe chokaa kila miezi 6 kama hazina rangi ya mafuta. Kuanzia 1 Januari 1904 tanuri la chini ya ardhi halikuruhusiwa bila cheti cha halmashauri. Duka lililofungwa ghafla mwaka huo, ulizeni kwanza kama lilikuwa la chini ya ardhi. Ripoti za kila mwaka za mganga mkuu wa mji husema mengi kuhusu majiko haya.

Mwaka 1916 vijana walipoanza kuandikishwa jeshini kwa lazima, waokaji wengi waliomba msamaha kwenye mabaraza ya mji. Karatasi nyingi za mabaraza hayo ziliamriwa ziharibiwe mwaka 1921, kwa hiyo zilizobaki ni habari za gazeti. Tafuta Rochdale Observer, lililoanza 1856, kwenye British Newspaper Archive, tovuti ya magazeti ya zamani. Kutafuta ni bure, kusoma ni kwa malipo, lakini maktaba nyingi zina usajili. Andika jina la mtaa pamoja na neno "baker", acha jina la ukoo, kwa sababu mashine husoma vibaya majina yaliyochapwa kwa wino hafifu. London Gazette, gazeti rasmi la serikali, ni bure kabisa: humo kuna kufilisika, kuvunjika kwa ubia na matangazo kwa wadai wa marehemu.

Swali tena, kutoka Leeds

Asanteni sana wote wawili. Na kabla ya 1837?

Jibu, kutoka Rochdale

Dada, nenda Lancashire OnLine Parish Clerks, tovuti ya nakala za rejista za makanisa, ni bure. Kati ya 1754 na 1837 ndoa ililazimika kufungwa kanisa la Anglikana, isipokuwa kwa Waquaker na Wayahudi. Kwa hiyo familia ya Wamethodisti utaikuta ikioa St Chad's, kanisa la Anglikana la hapa Rochdale, na kubatiza watoto kwenye kanisa lao. Tafuta kote kuwili. Wosia wa kabla ya 1858 uko Lancashire Archives, Preston.

Rejista za kodi za majengo zilizolipwa halmashauri zinataja mwenye jengo na mpangaji wake, lakini usizitegemee mtandaoni. Andika barua pepe kwa kitengo cha historia cha maktaba kabla ya kwenda, utaje mtaa, namba na miaka unayoitaka, ili wakuambie zilizopo na wakuwekee tayari.