Mbwa wa jirani wanamaliza kuku wangu: kuku niwafungie moja kwa moja, nijenge uzio au nifuge mbwa wangu?

MamaKienyeji_Goba
Habari za jioni wakuu. Nafuga kuku chotara nyuma ya nyumba huku Goba, walikua 34 mpaka jumamosi. Saa kumi na moja alfajiri nasikia kelele, natoka na tochi nakuta mbwa wawili wa jirani wako ndani ya banda, wamechana wavu kona ya chini kabisa, kuku kumi na moja wameshakufa na hakuna hata mmoja aliyeliwa, wametupwa tu huku na huku. Kuna tetea alikua anaatamia, siku ya 18, nimemkuta bado yuko juu ya mayai yake mgongo hauna nyoya hata moja, damu tupu, na hajainuka. Nililia jamani. Wakati nawafukuza mmoja akanikwaruza mkono kwa meno, kidogo tu. Nina laki tatu na nusu, naomba uzoefu wenu kabla sijaitumia vibaya.

fundi_mabanda
Pole sana dada. Ule wavu wa kuku wa matundu madogo unazuia kuku asitoke, mbwa haumzuii, akiushika kwa meno mara mbili umeachia. Kwa hela yako usianze na uzio wa kiwanja kizima, hautamaliza hata upande mmoja, imarisha banda. Chini panga tofali kozi tatu au piga mabanzi mpaka usawa wa kiuno, juu ndo uweke wavu mgumu wa kuchomelewa. Alafu mbwa huwa anachimba pale pale ukuta unapogusa ardhi, kwa hiyo laza kipande cha wavu chini kwa nje, futi mbili hivi kutoka ukutani, fukia na udongo weka mawe, akichimba anakutana nao na hana akili ya kurudi nyuma futi mbili aanzie huko. Wavu usiushike kwa misumari iliyokunjwa, weka ubao juu yake ndo upigilie. Mlango komeo mbili, juu na chini.

kuku_wa_bibi
Fundi yuko sawa ila hajasema gharama ya kuwafungia mchana kutwa. Kuku mkubwa anakula gramu 100 mpaka 120 kwa siku, hao 23 waliobaki ni kilo mbili na nusu kila siku, wakati sasa hivi nusu ya chakula wanajiokotea wenyewe, wadudu na majani. Ukiwabana zaidi ya watano kwa mita moja ya mraba wataanza kudonoana na kuhara damu hakutaisha. Mimi nafungua saa kumi jioni nikiwa nipo nyumbani, wanazunguka mpaka giza linaingia wanarudi wenyewe. Hiyo imenisaidia kuliko kitu chochote.

Wa_Thika
Pole mama. Huku kwetu nilijaribu ua wa kayaba, nyinyi mnaita michongoma, ni mzuri sana lakini ulichukua kama miaka mitatu kufunga vizuri na chini kunabaki nafasi, mbwa anapita kwa tumbo. Kuhusu mbwa wako mwenyewe, nilichukua mtoto wa miezi miwili nikamlea karibu na kuku, akiwa na miezi saba akaniulia wawili akicheza, nikarudi kumfunga kamba kila wakifunguliwa, nilianza kumwamini alipopita mwaka mmoja na nusu. Sasa hakuna mbwa wa nje anakanyaga hapa. Lakini wewe shida yako ni ya wiki hii.

chaputa
Weka nyama yenye sumu pale kwenye kona, usiku mmoja kesi imeisha.

afisa_mifugo_kata
Chaputa hapana, na naomba mtu yeyote asifanye hivyo. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kumtesa mnyama ni kosa, na ile nyama hujui ataokota nani, mtoto anaweza kuishika, kuku wenyewe wanadonoa. MamaKienyeji, kabla ya banda, huo mkono! Mkwaruzo wa meno hata kama ni mdogo, osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, na uende hospitali leo hii ukaeleze umeng'atwa na mbwa wakupe chanjo ya kichaa. Usisubiri kuona dalili, zikitokea hakuna dawa. Muulize jirani kadi za chanjo za hao mbwa, na nenda kwake na mjumbe, sio peke yako ukiwa na hasira. Mbwa aliyeshaonja kuua kuku atarudi, kwa hiyo lazima afungwe mchana na usiku, hilo mkubaliane mbele ya mtu.

MamaKienyeji_Goba
Asante sana afisa, nilienda usiku ule ule, nimechomwa sindano na nina tarehe za kurudi. Jirani tumekaa nae kwa mwenyekiti wa mtaa, kadi hana, amekubali kuwachanja na kuwafunga, kuku atalipa kidogo kidogo. Nimeamua tofali na wavu wa kufukia, na kufungua saa kumi kama kuku_wa_bibi. Mbwa wangu baadae. Yule tetea nilimpaka dawa ya kidonda hapo hapo kwenye tenga, jana ametotoa tisa kati ya kumi na mbili, bado mgongo uko wazi na vifaranga wanalala chini yake. Fundi wa hapa anakuja alhamisi, nikianza kulaza wavu nitaweka picha mniangalizie.